Spica: nyota mbili ndani ya nukta moja

Swali: Nafundisha sekondari huku Matamba, wilayani Makete. Juni, mawingu yakishaondoka, huwa natoka na wanafunzi wa bweni kutazama nyota. Mida ya saa tatu usiku kuna nyota moja nyeupe yenye ubuluu kwa mbali, iko utosini kabisa. Programu ya simu inasema ni Spica, na kwamba ni nyota mbili changa. Tuliitazama kwa darubini ya mikono tukaona moja tu. Wanafunzi wakabishana, wengine wakisema inametameta kwa sababu hizo mbili zinapishana. Je, ni mbili kweli? Nani aliziona? Itakuwaje changa ilhali ina mamilioni ya miaka? Na je, siku moja italipuka ituletee madhara? Tunachangishana tununue darubini ya miguu mitatu. Itatuonyesha zote mbili?

Jibu: Kamwene Mwalimu, na salamu kwa wanafunzi wako wanaokubali kuacha blanketi wakasimame kwenye baridi ya Matamba mwezi Juni. Programu yenu haikudanganya. Spica ni nyota mbili. Lakini hakuna binadamu aliyewahi kuweka jicho kwenye darubini akaziona zimeachana, na darubini mnayoichangia haitaziachanisha. Pamoja na hayo tunajua uzito wa kila moja, joto lake, ukubwa wake, mwendo wake na hata umri wake. Yote hayo yametokana na ile nukta moja ya mwanga mliyoitazama. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika swali lako, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia nyota ileile. Matamba mko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Spica iko nyuzi 11 na kitu kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani unaopita juu ya ikweta yetu. Ndiyo maana kwenu inapita utosini, ikikosea nyuzi mbili na kidogo tu upande wa kusini. Iringa inakosea nyuzi tatu na nusu, na Songea haikosei hata nyuzi moja. Ukitaka uhakika, tafuta kundi la Kunguru, nyota nne za wastani zinazounda pembe nne iliyopinda. Zile mbili za upande wa juu ukiziunganisha kwa mstari na kuuendeleza kuelekea mashariki, utafika Spica. Kaskazini yake kuna nyota nyingine angavu ya rangi ya chungwa, hiyo ni Arcturus. Muwe waangalifu na sayari, maana Spica iko karibu na njia ambayo Mwezi na sayari hupita. Mwezi huipitia kila mwezi, na miaka mingine huifunika kabisa kwa muda. Mkiona mbili angavu zimekaribiana hapo, huenda moja ni Mshtarii au Mirihi, na sio hao mapacha tunaowatafuta.

Sasa ubishi wa wanafunzi. Kumetameta kwa nyota hakutokani na nyota. Ni kazi ya hewa yetu. Mwanga unapita katika tabaka za hewa zenye joto tofauti, kila tabaka linaupinda kidogo, na tabaka zenyewe hazitulii. Msiniamini kwa maneno, pimeni wenyewe. Mwezi Machi Spica huchomoza mashariki kama saa mbili usiku. Mkibahatika kupata mwanya kati ya mawingu ya masika, itazameni ikiwa bado chini karibu na milima. Mtaiona ikirukaruka, mara nyekundu, mara kijani, mara nyeupe. Rudini kuitazama Juni ikiwa utosini, ambako mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo zaidi, mtaikuta imetulia mno. Nyota ni ileile. Halafu tazameni nyota nyingine yoyote angavu iliyo chini karibu na upeo, nayo inarukaruka vilevile, hata kama haina mwenzake. Kupishana kwa nyota za Spica ni kweli kupo, ila mzunguko mmoja unachukua siku nne na dakika ishirini hivi. Hakuna jicho litakaloona hilo kwa kukodoa.

Aliyegundua kwamba ni mbili ni Mjerumani, Hermann Carl Vogel, akifanya kazi kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Potsdam mwaka 1890. Hakuona nyota mbili. Alichofanya ni kupitisha mwanga wa Spica kwenye mche wa kioo ili utawanyike kuwa rangi zake, kisha akapiga picha ule utepe wa rangi. Katika utepe huo kuna mistari myeusi, kila mmoja ukiwa alama ya elementi fulani iliyoko kwenye nyota, haidrojeni na heli kwa mfano. Mistari hiyo ina mahali pake maalumu, tunapajua kutoka maabara. Vogel aliona mistari ya Spica haikai mahali pake. Leo imesogea kuelekea upande wa buluu, baada ya siku mbili imesogea kuelekea nyekundu, na baada ya siku nne imerudi ilipokuwa.

Ukisimama kando ya barabara pale Kitonga, lori likija kwako huku likipiga honi, sauti ni nyembamba. Likikupita, sauti inashuka na kuwa nzito. Dereva hajabadilisha honi, ni mwendo wa lori unaoyabana mawimbi ya sauti au kuyanyoosha. Mwanga nao ni mawimbi. Nyota ikija kwetu, mawimbi yake yanabanwa kuelekea buluu. Ikienda mbali nasi, yananyooshwa kuelekea nyekundu. Hii ndiyo athari ya Doppler, ambayo Christian Doppler wa Austria aliieleza mwaka 1842. Kwa hiyo Vogel alikuwa anaitazama nyota inayokuja na kuondoka, inakuja na kuondoka, kwa ratiba isiyobadilika ya siku nne. Nyota haiwezi kufanya hivyo ikiwa peke yake. Lazima kuna kitu kizito inachozungukana nacho.

Baadaye, vifaa vilipoboreka, ikapatikana mistari ya nyota ya pili, hafifu, ikisogea kinyume kabisa na ya kwanza. Ya kwanza ikija, ya pili inaondoka. Hapo ndipo hesabu inaponoga, na unaweza kuifanya ubaoni na kidato cha pili. Nyota kubwa inapokuja na kuondoka, mwendo wake wa juu kuelekea kwetu ni kama kilomita 121 kwa sekunde. Ile ndogo ni kama kilomita 190 kwa sekunde. Nyota mbili zinazozungukana huzunguka sehemu moja ya mizani iliyo kati yao, na nyepesi ndiyo hukimbia zaidi. Gawa 190 kwa 121, unapata 1.57. Basi nyota kubwa ina uzito wa mara 1.57 ya ndogo. Hatujakwenda huko, hatujaziona zimeachana, na tayari tumezipima uzito moja kwa nyingine. Nimefundisha fizikia miaka mingi na hesabu hii bado hunisisimua.

Kupata uzito wenyewe kunahitaji jambo moja zaidi. Athari ya Doppler inatupa ule mwendo wa kuja na kuondoka tu, haioni mwendo wa kwenda pembeni. Kama njia ya nyota hizo imeinama badala ya kutuelekezea ukingo wake, mwendo wao halisi ni mkubwa kuliko tunaoupima. Ilibidi mtu apime mlalo huo, na kupima mlalo ni sawa na kuziachanisha.

Tatizo ni umbali. Spica iko mbali nasi kwa miakanuru 250 hivi, mwakanuru mmoja ukiwa umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka. Mwanga mliouona Juni uliondoka huko kabla Wangoni hawajavuka Zambezi mwaka 1835. Na nyota zenyewe zimekaribiana sana, zinatenganishwa na kilomita milioni 19 hivi kutoka kitovu hadi kitovu, wakati sisi tuko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Ili jicho lako lizitenge, lingehitaji ukali wa mara zaidi ya elfu thelathini ya ulio nao. Ukitaka kutumia darubini moja, ingehitaji kioo cha upana wa mita 80 au zaidi, na hii kubwa kuliko zote inayojengwa sasa jangwani Atacama, Chile, ina kioo cha mita 39.

Njia iliyopatikana ni kutumia darubini mbili zilizoachana na kulinganisha mwanga unaofika kwenye kila moja. Huko Narrabri, Australia, mwanaastronomia Robert Hanbury Brown na wenzake waliweka vioo viwili, kila kimoja na upana wa mita 6.5, juu ya reli ya mviringo yenye kipenyo cha mita 188, wakawa wanavisogeza. Vioo hivyo havikutoa picha yoyote ya Spica. Walichopima ni jinsi mitetemo midogo ya mwanga inavyofanana kati ya kioo na kioo kadiri wanavyoviachanisha, na kutoka hapo wakakokotoa umbali kati ya nyota hizo mbili angani na mlalo wa njia yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Kwa vipimo vya sasa mlalo ni nyuzi 63 hivi (90 ni njia inayotuelekezea ukingo), na hiyo ndiyo sababu hatuoni nyota moja ikiifunika nyingine. Zinapishana, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo.

Ukiweka yote pamoja, nyota kubwa ina uzito wa Jua mara 11.4 na ndogo mara 7.2, kosa likiwa asilimia kumi hivi juu au chini. Kipenyo cha kubwa ni kama mara 7.5 ya Jua, cha ndogo mara 3.7. Joto la uso wa Jua ni Kelvini 5,800 hivi. Uso wa nyota kubwa ya Spica una Kelvini 25,000, na wa ndogo karibu 21,000. Ubuluu mliouona unatoka hapo. Na huo ni sehemu ndogo tu ya mwanga wake, maana sehemu kubwa inatoka kama urujuanimno ambao macho hayauoni na hewa yetu inauzuia.

Wape wanafunzi hesabu nyingine. Mwanga unaotolewa na kila mita ya mraba ya uso huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto. 25,000 gawa kwa 5,800 ni 4.3, ipandishe kipeo cha nne, utapata karibu 345. Eneo la uso ni 7.5 kipeo cha pili, yaani 56 hivi. Zidisha, inakuja zaidi ya 19,000. Kwa hiyo nyota ile kubwa peke yake inang'aa kama Jua elfu kumi na tisa au ishirini, na ndogo inaongeza kama elfu mbili. Jua letu likiwekwa pale ilipo Spica, msingeliona kabisa kwa macho. Mngelitafuta kwa darubini ya mikono, na kwa shida.

Nyota zilizokaribiana hivyo haziachani salama. Kila moja inaivuta nyingine, na uvutano huo umezirefusha kuelekeana. Hakuna hata moja iliyo duara kamili. Zinapozunguka, mara zinatuonyesha ubavu mrefu, mara ncha, na mwanga wa Spica unapanda na kushuka kwa asilimia chache tu katika siku nne. Macho hayatambui tofauti hiyo, vifaa vinaipima vizuri. Njia yao pia si duara kamili, hivyo kuna siku zinakaribiana zaidi na siku zinaachana kidogo.

Kuna jambo moja kuhusu nyota kubwa ambalo natamani kizazi cha wanafunzi wako kilifanyie kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iligundulika kwamba inavimba na kunywea kila baada ya saa nne na dakika kumi hivi, kama zinavyofanya nyota nyingine za joto la namna yake. Wakaendelea kuipima, na mapema miaka ya 1970 mapigo hayo yakapungua yakawa kama yamekwisha. Maelezo mojawapo ni kwamba mhimili wa nyota hiyo unayumba taratibu kwa kuvutwa na mwenzake, hivyo siku hizi inatuelekezea upande ambao mapigo hayaonekani sana. Ikiwa ni hivyo, yatarudi. Atakayeyaona yakirudi lazima awe mtu anayeipima bila kuchoka, na nchi ambayo Spica inapita utosini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Na mwaka 2019 watafiti wa Australia walipima kitu kilichokuwa kimetabiriwa kwa muda mrefu bila kuonekana: mwanga wa nyota moja ukigonga uso wa mwenzake na kuakisiwa kuja kwetu. Waliutambua kwa sababu mwanga ulioakisiwa mawimbi yake hupangika upande mmoja, tofauti na mwanga unaotoka moja kwa moja kwenye nyota.

Suala la uchanga. Jua lina miaka bilioni 4.6 na bado liko katikati ya maisha yake. Spica ina miaka milioni 12 na nusu hivi. Mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru kule Lindi waliishi miaka milioni 150 iliyopita; walipokuwa wanatembea, Spica haikuwepo. Hata miaka milioni 66 iliyopita, mijusi wa namna hiyo walipotoweka duniani, haikuwepo. Kwa kipimo cha anga imezaliwa juzi. Ila mwambie mwanafunzi atakayeuliza kwamba uchanga na ujana si kitu kimoja. Nyota nzito hivyo inachoma haidrojeni yake kwa kasi ya kutisha: ina akiba mara kumi na moja ya Jua, lakini inaitumia mara elfu kumi na tisa. Maisha yake yote hayazidi sana miaka milioni 20. Nyota ile kubwa ni changa kwa miaka, na tayari imevuka nusu ya umri wake.

Ikimaliza haidrojeni ya kiini itavimba, na kwa kuwa mwenzake yuko jirani mno, gesi yake itaanza kumwagikia huko. Kwa hiyo mwisho wake hautafuata kitabu cha nyota iliyo peke yake. Ile ndogo inaweza kunenepa kwa gesi ya kubwa na mambo yakabadilika. Hata hivyo nyota yenye uzito wa zaidi ya mara nane ya Jua kwa kawaida humalizia kwa supanova, yaani kiini kinaporomoka kwa ndani na tabaka za nje zinatupwa angani. Inayobaki mara nyingi ni nyota ya nyutroni, yaani kile kiini kikiwa kimeshindiliwa mno. Spica ni mojawapo ya zilizo karibu nasi zinazotarajiwa kuishia hivyo. Hofu ya wanafunzi nitaijibu moja kwa moja: supanova ingetudhuru kama ingekuwa ndani ya miakanuru makumi machache. Kwa miakanuru 250 itaonekana hata mchana kwa wiki kadhaa, na itakuwa maajabu ya kutazama, lakini haitatuunguza. Tena ni jambo la mamilioni ya miaka ijayo.

Mwisho, michango yenu. Msinunue darubini kwa ajili ya Spica, mtavunjika moyo. Inunueni kwa ajili ya jirani zake. Juni hiyohiyo, mkigeuka kusini, kuna Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, na nyota yake ya chini kabisa, Acrux, ni angavu, changa na ya buluu kama Spica, iko miakanuru 320 hivi. Darubini ndogo yenye kioo cha milimita 60 au 70, kwa ukuzaji wa mara 80 hadi 100, itaigawa mbele ya macho yenu kuwa nyota mbili zilizobanana. Na ile angavu zaidi kati ya hizo mbili nayo ni mbili, zinazozungukana kwa siku 76, zikatambuliwa kwa njia ileile ya Vogel. Kushoto kwake kuna Alfa Centauri, jirani yetu wa miakanuru minne na kitu, nayo inagawanyika kwa urahisi zaidi. Anzeni na hiyo ili wanafunzi wazoee kulenga, ndipo mhamie Acrux. Kagueni stendi kabla ya kulipa. Ikiwa nyepesi, upepo wa Kitulo utaitikisa na hamtaona kitu hata kama kioo ni kizuri.